Jinsi ya kupanga bei na kuendesha duka la bei chee bila kujimaliza

Watu wengi wakikabidhiwa tawi la duka la bei chee wanaanza na lebo, yaani wanazunguka rafu na kalamu, wanapunguza hapa wanaongeza pale, wakimaliza wanakaa kusubiri mauzo yapande. Na mauzo yanaweza kupanda kweli, alafu mwisho wa mwezi ukipiga hesabu hela haionekani. Kwenye biashara hii bei ya chini inatengenezwa nyuma, kwenye stoo, kwenye idadi ya bidhaa unazobeba, kwenye saa za wafanyakazi na kwenye mzigo unaopotea, lebo inakuja mwisho kutangaza kazi iliyofanyika huko. Haya ninayoandika yanamhusu meneja wa tawi, au mtu mwenye maduka mawili matatu ambaye anataka auze chini ya wenzake na bado abaki na kitu.

Hesabu kwanza

Hakikisha we na watu wako mkisema "faida" mnamaanisha kitu kimoja. Umenunua kitu 80 ukauza 100, umeongeza 25% juu ya bei ya kununulia, lakini faida yako ni 20% ya mauzo. Hizi mbili watu wanazichanganya kila siku, mmoja kwenye kikao anasema 25, mwingine anasema 20, wote wako sahihi na hawaelewani. Mi nashauri mtumie ya mauzo, maana pango, mishahara, umeme, vyote mtavipima kwa kulinganisha na mauzo.

Sasa njoo kwenye punguzo, hapa ndo wengi wanaumia. Hicho kitu cha 80 unachouza 100, ukishusha bei kwa 10% unauza 90, faida imetoka 20 imekuwa 10. Ili upate faida ileile ya mwanzo inabidi uuze idadi mara mbili. Mara mbili kabisa, sio kumi kwa mia zaidi. Kingine unanunua 60 unauza 100, punguzo hilohilo linakuacha na 30 badala ya 40, hapo ukiongeza idadi kwa theluthi moja umesharudi ulipokuwa. Kwa hiyo kabla hujagusa bei jiulize, hiki kitu kinaweza kweli kuongezeka mauzo kiasi hicho? Dawa ya meno ikishuka bei mtu hawezi kupiga mswaki mara mbili zaidi, atachukua tatu leo alafu miezi miwili humuoni kwenye hiyo rafu. Punguzo lake lina maana tu kama linamtoa mteja duka lingine linamleta kwako, na akishafika anabeba na vingine.

Kuna na hesabu ya pili ambayo naona haiongelewi sana, nayo ni mzunguko. Kitu kinachokupa faida ya 15% na kinaisha kwenye rafu kila wiki mbili kina thamani kuliko kinachokupa 40% na kinakaa nusu mwaka kinakusanya vumbi. Chukua faida ya mwaka mzima ya bidhaa, gawa kwa wastani wa hela iliyolala kwenye mzigo wa bidhaa hiyo. Ukiona jibu ni 3 maana yake kila 1 uliyoilaza pale imekuzalia 3 kwa mwaka. Panga bidhaa zako kwa jibu hilo kutoka juu kwenda chini, utashangaa baadhi ya vitu ulivyokuwa unaviona lulu vimekaa mkiani. Na kama sapulaya anakupa siku 30 za kulipa na mzigo wake unaisha kwa siku 12, hizo siku 18 unafanya biashara kwa hela yake, na hii kwa kweli ni sehemu kubwa ya nguvu ya maduka makubwa ya bei chee.

Chagua njia moja ukae nayo

Duniani kuna njia kama tatu hivi za kupanga bei. Ya kwanza ni bei ya chini mwaka mzima, hakuna ofa za wikiendi, hakuna kupandisha leo ili ushushe kesho. Walmart ya Marekani, ambayo Sam Walton alifungua duka la kwanza pale Rogers, Arkansas mwaka 1962, ndo imeifanya ijulikane sana. Uzuri wake hauishii kwa mteja, stoo nayo inapumua, maana mauzo ya kitu hayaruki juu wiki ya ofa na kuanguka wiki inayofuata, kuagiza kunakuwa rahisi, lebo hazibadilishwi ovyo, na sapulaya anaweza kukushushia kwa sababu anajua utachukua kiasi gani. Ya pili ni bei ya kawaida iko juu kidogo alafu unapiga ofa za nguvu kwenye vitu vichache. Inaleta watu, sikatai, ila inakula kazi nyingi na inamfundisha mteja kusubiri.

Ya tatu ni bei moja kwa duka zima au karibu duka zima. Hapa mnunuzi wa kampuni anaanza na bei anarudi nyuma. Akijua kitu lazima kiuzwe 100 na faida lazima ifike 35, basi gharama zote mpaka kinafika kwenye rafu, usafiri ndani yake, zisizidi 65. Zikizidi anapunguza ujazo wa pakiti, anabadilisha boksi, anatafuta kiwanda kingine, au anaachana nacho. Dollar Tree ya Marekani ilikaa kwenye dola 1 zaidi ya miaka 30, mwaka 2021 ndo ikatangaza kwenda dola 1.25. Daiso ya Japani ilikua kwa njia hiyohiyo na yeni 100. Kwenye bei moja mfumuko wa bei hauna pa kujificha, ama pakiti inakuwa ndogo, ama faida inaliwa, ama siku moja unabadilisha kibao cha mlangoni.

Shida inaanza pale unapochanganya bila mpango, umetangaza bei ya chini siku zote alafu mauzo yakiyumba kidogo unabandika "ofa kubwa". Mteja anaanza kujiuliza ile ya jana ilikuwa ya nini.

Vitu ambavyo mteja anajua bei yake kichwani

Duka linaweza kuwa na bidhaa elfu mbili lakini bei ambazo mteja anazikumbuka bila kuangalia ni chache sana. Sabuni ya kufulia, dawa ya meno, betri, nepi, karatasi za chooni. Hizo ndo anazotumia kuamua kama duka lako ni bei chee au unajiita tu. Kwenye hizo lazima uwe chini ya wenzako au angalau sawa nao, hata kama faida yake ni nyembamba. Kamba ya kuanikia nguo, hanga, kikapu cha nguo chafu, karatasi ya kufungia zawadi, fremu ya picha, hivyo hakuna anayejua bei yake, mtu anaangalia kama inaonekana ya haki basi anatupia kwenye troli. Faida yako inakaa huko.

Kuvijua vitu vya kundi la kwanza usikae ofisini ukakisia. Toa ripoti ya bidhaa zinazotokea kwenye risiti nyingi zaidi, angalia idadi ya risiti, usiangalie jumla ya hela, kwa sababu kitu cha bei kubwa kinaweza kupanda juu ya ripoti kumbe kinanunuliwa na wachache. Waulize makeshia ni vitu gani wateja wanavilalamikia bei au kuvisifia, wao wanasikia kila kitu. Alafu angalia mshindani ameweka nini mlangoni na kwenye vipeperushi. Ukipata orodha ifanye iwe fupi, na kila wiki siku ileile mtume mtu aende kuandika bei za wenzenu za vitu hivyo tu.

Na huyo mtu aandike ujazo, sio bei peke yake. Pakiti ya gramu 250 kwa 30 inaonekana rahisi mbele ya pakiti ya kilo 1 kwa 100, lakini ukipiga kwa kilo ile ndogo ni 120. Maduka ya bei chee yanabebwa sana na pakiti ndogo, kwa sababu mtu mwenye hela kidogo leo anaangalia anachotoa mfukoni leo. Sioni ubaya wa kuziuza, kuna watu wanazihitaji, ila naona sio fresh kuficha. Andika bei ya kwa kilo au kwa lita kwenye lebo, kwenye Umoja wa Ulaya hilo limekuwa sharti tangu agizo la mwaka 1998, na hata pasipo na sharti linakusaidia we mwenyewe kugundua bei za kijinga, mfano pakiti kubwa ambayo kwa kilo ni ghali kuliko ndogo. Hiyo ipo kwenye maduka mengi kuliko mnavyodhani, na mteja mmoja akiigundua anawaambia wenzake.

Kuhusu bei za kuishia na 99, tumia au acha, ukishaamua iwe hivyohivyo duka zima.

Beba vitu vichache

Aldi ya Ujerumani, iliyotokana na duka la mama yao kina Albrecht, ndugu wawili walioianzisha, lililofunguliwa Essen mwaka 1913, imejengwa juu ya hili. Supamaketi ya kawaida kubwa inaweza kubeba bidhaa 30,000 na zaidi, duka la Aldi linabeba kama 2,000 au chini ya hapo. Costco wa Marekani, ambao maduka yao ni maghala makubwa mno, nao hawafiki mbali, ni kama 4,000 hivi. Fikiria maana yake. Badala ya aina tisa za sabuni ya vyombo una mbili, zile hela ulizokuwa unagawanya kwa masapulaya tisa unazipeleka kwa wawili, kila mmoja unamnunulia mzigo mkubwa, una nguvu ya kusema bei yako ni kubwa siitaki. Rafu inajazwa haraka, stoo inaonekana, hesabu ya mzigo inaisha usiku mmoja.

Angalia na vitu vidogo vinavyokwenda na hilo. Katoni inakuja imekatwa mbele, mfanyakazi anachana kipande, anaisukuma kwenye rafu nzima nzima, hapangi kopo mojamoja. Bakodi inachapwa kubwa na pande kadhaa za pakiti, keshia hazungushi kitu mkononi kutafuta pa kuskani. Troli inafunguliwa kwa sarafu, mteja anairudisha mwenyewe ili apate sarafu yake, hakuna mtu wa kuajiri kukusanya matroli nje. Kila kimoja ni sekunde chache, ila sekunde za kila bidhaa kwa kila mteja kwa mwaka mzima ni mishahara hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza bidhaa mpya, uliza inaondoa ipi. Weka sheria, kimoja kinaingia kimoja kinatoka, na anayetaka kiingie ndo ataje cha kutoka. Makelele ya "wateja wanaulizia" yatapungua sana.

Lebo na kaunta zikigombana

Hapa ndo nakaa zaidi maana hapa ndo duka la bei chee linapopoteza jina. Mteja amekuja kwako kwa sababu ya bei, rafu inasema 45, kaunta inasoma 52. Hata ukimrudishia tofauti, safari ijayo atasimama kuhesabu risiti yote mlangoni. Marekani wakaguzi wa vipimo wanatumia kiwango cha usahihi wa 98%, yaani wakichukua bidhaa 100 dukani na kuziskani, zikikosea zaidi ya mbili duka limefeli, na kuna majimbo yanapiga faini. Chukua namba hiyo kama yako hata kama hakuna mkaguzi anayekuja.

Chanzo mara nyingi hakuna mtu mwenye nia mbaya. Hedi ofisi wanabadilisha bei usiku kwenye sistimu, zinashuka kwenye kaunta zenyewe, lakini lebo ya karatasi inasubiri mtu aichape, aikate, atembee nayo. Kama asubuhi ile mfanyakazi mmoja hakuja na lori la mzigo limefika, lebo zinabaki kwenye droo. Siku tatu baadaye duka zima lina bei mbili.

Kuna mpangilio mmoja rahisi unaokuokoa. Bei ikipanda, badilisha lebo kwenye rafu kwanza, sistimu baadaye. Bei ikishuka, sistimu kwanza, lebo baadaye. Ukifuata hivyo, ile saa moja mbili ya katikati ambapo vitu viwili havilingani, mteja siku zote analipa kile cha chini. Hakuna atakayekuja kugomba eti nimelipa kidogo kuliko lebo. Kama bei zinashushwa na hedi ofisi na huna uwezo wa kuchagua saa, basi omba orodha ya zinazopanda ije kwako jana yake, uzibandike jioni baada ya kufunga.

Alafu kila asubuhi kabla ya kufungua mtu mmoja achukue skana atembee njia moja ya duka, leo njia ya kwanza kesho ya pili, askani vitu 20 bila kuchagua, aandike vilivyokosea. Asiwe yuleyule aliyebandika. Kikikosea kimoja, mtafute na ndugu zake, maana mara nyingi lebo hazikosei peke yake, kuna karatasi nzima haikubandikwa. Ofa iliyoisha nayo itolewe usiku wa siku yake ya mwisho, kibao cha ofa kilichosahaulika ni kosa la kawaida kuliko yote.

Na keshia apewe ruhusa kabisa. Mteja akisema lebo inasema 45, mfanyakazi aende aangalie au apige picha, ikiwa kweli, auziwe 45 hapohapo bila kumwita meneja, na ile lebo itolewe kabla mteja wa pili hajafika. Keshia akiwa hana ruhusa foleni inasimama, watu kumi wanasikiliza mabishano ya 7. Siku hizi kuna lebo za kioo zinazobadilika zenyewe, Walmart mwaka 2024 walitangaza kuziweka kwenye maduka 2,300, ila kwa tawi dogo hesabu gharama vizuri, mtu mmoja mwenye nidhamu na printa bado anatosha.

Mzigo uliokwama

Kila duka lina kona ya vitu visivyotoka. Kosa la kwanza ni kuchelewa, kosa la pili ni kuchelewa alafu ukashusha kidogokidogo, 5%, alafu 5% tena, mteja haoni hata kama kuna kilichobadilika. Ukishusha, shusha kionekane. Watu wengi wanaanza na punguzo la 25%, wiki kadhaa baadaye 50%, mwisho 75%, kisha kinatoka dukani kwa njia yoyote. Vitu vya msimu vianze kushuka msimu ukiwa bado upo, siku mbili kabla haujaisha kitu kinatoka kwa punguzo la 25%, wiki baada ya kuisha hata kwa 75% kinakuangalia tu.

Ile bei uliyonunulia usiifikirie tena hapa, hela hiyo imeshaenda. Swali ni nafasi ya rafu, kama ingekuwa na kitu kinachotoka ingekuletea kiasi gani kwa wiki. Vitu vyenye tarehe ya mwisho wa matumizi vikaguliwe kwa kalenda, sio kwa kukumbuka, na kipya kiwekwe nyuma cha zamani mbele kila unapojaza. Kilichopita tarehe hakishushwi bei, kinatolewa.

Saa za watu

Kwenye matawi mengi meneja hapewi idadi ya watu, anapewa saa za wiki kulingana na mauzo. Mauzo yakishuka saa zinakatwa, saa zikikatwa rafu hazijazwi, rafu zisipojazwa mauzo yanashuka tena. Ukiona umeingia kwenye mzunguko huo, peleka ushahidi juu, orodha ya vitu vilivyokuwa stoo huku rafu iko tupu, na mauzo yake ya wiki za nyuma. Lalamiko la "tumechoka" halisikilizwi, lakini "tumepoteza mauzo ya kiasi hiki kwa vitu ambavyo vilikuwa nyuma ya mlango" linasomwa.

Panga saa kwa kufuata lori. Siku ya mzigo ndo siku ya kuwa na watu, hata kama ni siku ya mauzo madogo. Watu wawili dukani, mmoja kaunta mwingine anashusha paleti huku akiitwa kaunta kila foleni ikizidi, ni mpango ambao kwenye karatasi unaonekana umeokoa hela, matokeo yake ni maboksi kwenye njia na mbele ya mlango wa dharura. Hili sio jambo la usafi tu. Dollar General, maduka ya bei chee ya Marekani, mwaka 2024 walikubaliana na serikali ya huko kulipa dola milioni 12 baada ya miaka ya kukutwa na milango ya dharura na njia zilizozibwa na mzigo. Sheria yangu ni kwamba mlango wa dharura na njia yake hauna "dakika tano tu", boksi likiwekwa pale linatolewa kabla ya kazi nyingine yoyote, na meneja ndo wa kwanza kulibeba.

Kama mzigo unakuja mwingi kuliko stoo inavyobeba, tatizo liko kwenye kuagiza, usilitatue kwa kupanga maboksi juu zaidi. Angalia oda zinazojituma zenyewe kwenye sistimu. Mara nyingi utakuta sistimu inaamini kitu kimeisha kumbe kipo, kwa sababu mteja alileta pakiti sita za ladha tofauti, keshia akaskani moja mara sita badala ya kuskani zote sita mojamoja. Mfundishe keshia sababu, asiishie kuambiwa "skani kila kimoja", akielewa kwamba ndo anasababisha paleti ya vitu visivyotakiwa ataacha.

Fedha za kaunta nipite haraka. Droo moja keshia mmoja, kuhesabu mbele ya mtu wa pili, hela ikifika kiwango fulani inashushwa kwenye sefu, anayeskani marejesho asiwe aliyeyaidhinisha.

Upotevu

Chama cha wauzaji rejareja cha Marekani kiliripoti kwamba mwaka 2022 upotevu ulikuwa wastani wa 1.6% ya mauzo. Inaonekana ndogo mpaka uiweke kwenye bei chee. Kitu umenunua 80 unauza 100, ukitoa gharama zote unabaki na 4. Kikiibiwa kimoja umepoteza 80, inabidi uuze 20 ili urudi sifuri. Ndo maana kwenye duka la bei chee upotevu unaua haraka kuliko duka la bei kubwa.

Watu wakisikia upotevu wanafikiria mwizi tu, wanaweka mlinzi mlangoni basi. Anza mlango wa nyuma. Karatasi ya mzigo inasema katoni 40, zimeshuka 38, aliyepokea amesaini akiwa na haraka. Vilivyovunjika vikatupwa bila kuandikwa, kwenye sistimu bado vipo. Vilivyotumika dukani, mifuko, sabuni ya kupigia deki, navyo havikuandikwa. Ukishaziba hayo ndo utajua wizi wa kweli ni kiasi gani.

Usisubiri hesabu kubwa ya mwaka. Kila siku hesabuni kundi dogo, betri leo, nyembe kesho, vile vidogo vya bei ambavyo vinaingia mfukoni hesabuni kila wiki. Ukiona betri zimepungua 30 tangu Jumatatu una siku chache tu za kuangalia, ukija kugundua mwisho wa mwaka huna pa kuanzia. Vihamishie karibu na kaunta, kwenye macho ya mtu. Mashine za mteja kujiskania mwenyewe nazo zifikirie mara mbili, Dollar General mwaka 2024 waliziondoa kwenye maelfu ya maduka wakitaja upotevu, baada ya kuwa wamezisambaza ili kupunguza kazi ya kaunta. Na jambo moja, salamu. Mteja akisalimiwa anapoingia na kuulizwa anatafuta nini, mwenye nia njema anahudumiwa, mwenye nia nyingine anajua ameonekana, na haigharimu chochote.

Kuongeza tawi au kufunga

Ukubwa peke yake haushushi gharama. Dollar Tree waliinunua Family Dollar, mshindani wao wa bei chee, mwaka 2015 kwa zaidi ya dola bilioni 8, mwaka 2024 wakatangaza kufunga karibu maduka 1,000, na 2025 wakaiuza kwa kama bilioni 1. 99 Cents Only, nao wa Marekani, mwaka 2024 walifunga maduka yote 371. Kampuni hizo zilikuwa na wanunuzi, malori na magodauni, kwa hiyo mtu mwenye matawi matatu asijidanganye kwamba la nne litarekebisha matatizo ya matatu.

Piga hesabu ya kila tawi peke yake, mauzo yake, toa gharama ya mzigo, mishahara yake, pango lake, umeme wake, upotevu wake na usafiri wa kulifikishia mzigo. Usiweke mgao wa hedi ofisi kwanza. Tawi likiwa chini ya sifuri hapo, angalia sababu moja baada ya nyingine kwa mpangilio huu, rafu tupu, bei za vile vitu vinavyojulikana, upotevu, saa za kazi, na mwisho kabisa eneo lenyewe, maana eneo ndo kisingizio rahisi. Ukikuta vyote vimerekebishwa na miezi sita mbele bado hali ni ileile, fungua mkataba wa pango usome kipengele cha notisi. Mikataba mingi inataka notisi miezi kadhaa kabla ya kuisha, ikipita inajirudia yenyewe, kwa hiyo tarehe ya mwisho ya notisi ya kila tawi ikae kwenye kalenda ya ofisi na iwe na jina la mtu atakayeikumbusha.